Ua Lililopinda

Juzi, kwenye maonyesho ya sanaa mjini Bagamoyo, nilisimama mbele ya kitambaa kikubwa cha ukutani kilichodariziwa maua. Maua yale nilikuwa nayajua. Pembeni, ndani ya kioo, kulikuwa na kofia kuukuu iliyompa msanii wazo lake, na kikaratasi: "Mshonaji hajulikani."

Hajulikani kwa nani?

Alasiri moja nikiwa mtoto, baraza letu lilinuka wanga wa muhogo, kofia zikikaukia juu ya vyungu vilivyofudikizwa. Bibi yangu aliingia ndani kuswali, akaacha kofia aliyokuwa akiidarizi. Ua moja, juu ya sikio, lilikuwa limepinda. Nikadhani macho yake yamechoka. Nikalifumua kwa wembe, nikalishona upya likanyooka, nikakaa kungoja sifa.

Bibi aliporudi aliipapasa kofia kwa kidole gumba.

"Hilo nalipinda kusudi, mjukuu wangu. Ndiyo alama yangu, mimi sijui kuandika. Umenifuta."

Kofia ya kwenye kioo ina ua lililopinda, juu ya sikio. Kitambaa cha ukutani hakina.

"Shikamoo mama," msanii alinisogelea, binti mwenye adabu zake. "Bibi zetu walikosea kidogo hapo, nikapanyoosha."

"Marahaba. Hakukosea mtu. Toa kalamu uandike jina la bibi yangu: Mwanaidi binti Saidi."

Aliandika.

"Sasa tafuta wembe," nikamwambia, "ulifumue hilo ua lako."