Bawaba ya Noreen

Kiwanda cha chuma kilipofungwa hapa Ohio, mtaa mzima ulikosa kazi, lakini jirani wa Noreen bado anazipiga kiwi buti zake kila alfajiri. "Kosa langu," husema, akisugua viganja vyenye sugu. "Ningejituma zaidi." Chakula cha bure hakigusi ng'o. Basi kila Jumamosi Noreen huilegeza kwa siri bawaba ya lango lake, kisha humwita jirani huyo aje kuitengeneza. Naye hukaza skrubu akipiga mluzi, halafu hula viazi na nyama kwa raha zote, maana amevitolea jasho. Leo amemaliza kazi, uso unamng'aa. "Nimeichomelea kabisa, jirani. Hii hailegei tena mpaka tufe!" Noreen anampa sahani inayofuka moshi, huku macho yake yakizunguka nyumba kutafuta kitu kingine cha kuharibu.