Tathmini ya Mbalamwezi

Juzi nilikuwa mwaloni Ujiji, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, ofisa wa halmashauri alipokuja kupima ufanisi wa mkandarasi wa maji na usafi. Ilikuwa mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawafuati taa na mitumbwi yote hulala nchi kavu. Bomba lilitiririka, sakafu ilimeremeta. Ofisa akaridhika, akamwita mwenyekiti wa akina mama waanika dagaa asaini kwa niaba ya watumiaji.

Mama akaficha mikono ndani ya kitenge.

“Njoo giza likirudi, mitumbwi ikishusha mzigo. Hapo ndipo bomba hukauka.”

“Mama, mkataba unasema tathmini isiingilie kazi za wavuvi.”

“Kwa hiyo mkandarasi mnampima siku ambayo hana kazi?”

“Ndivyo kifungu kilivyoandikwa.”

“Basi kibadilisheni. Mikono yangu mtaikuta hapa hapa gizani, inanuka dagaa.”

Akaketi kando ya bomba, na wenzake wote wakaketi. Ofisa akakunja karatasi zake, akaondoka.

Na asisaini kamwe! Mkataba wa namna hiyo hata mimi ningeufurahia: mhariri anipime wiki ambayo sikuandika, asikute kosa hata moja.