Klipu Kumi na Nane za Kumpeleka Mkwe Uwanjani

Shughuli nzima ilinigharimu elfu kumi na saba na mia sita. Nimehesabu mara mbili: klipu elfu kumi na mbili na mia sita, nauli ya Konde kwenda na kurudi elfu tatu, na kisu cha jikoni elfu mbili, ambacho mke wangu alinilipisha siku ileile, tena taslimu.

Gari langu ni dogo na la zamani, lakini linakwenda. Ila lile plastiki jeusi la ndani ya madigadi, linalozuia tope lisirukie injini, lilikuwa limeachia, likawa linalamba tairi kila nikikata kona. Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, akaniona na akanihurumia. Alilishona kwa mshipi wa kuvulia samaki, bila kuombwa, kisha akapita barazani kote kutangaza kwamba gari langu lina nyuzi. Yeye lake ni refu, lina vioo vyeusi, na ni la mkopo.

Wakati huo mama mkwe alikuwa anakwenda Umra. Kwetu hilo si jambo dogo. Anayempeleka msafiri uwanja wa ndege Chake ndiye anayepewa mkono wa mwisho, na jina lake huko Makka ndilo la kwanza kutajwa kwenye dua. Sisi wakwe tulikuwa wawili, na mie dua hiyo niliitaka: nina duka lisilouza na mgongo usiopona.

"Mie siendi Umra na gari la kushonwa," akasema mama mkwe. "Atanipeleka mwenzio."

"Nitalitengeneza, mama."

"Lini? Naondoka Alkhamisi."

Ilikuwa Jumanne. Nikakata mshipi wa watu, nikahesabu matundu: tisa kwenye plastiki, tisa kwenye bodi. Nikayarudia. Kumi na nane.

Asubuhi yake nikapanda gari la abiria hadi Konde. Muuza vipuri akazitoa klipu za kubania kwenye kopo, vidude vyeusi vya plastiki, kila kimoja na kichwa kama kifungo.

"Elfu moja moja."

"Mia tano."

"Kwa mia tano kanunue vifungo vya kanzu, babu."

"Nachukua kumi na nane."

"Kumi na nane? Una gari ngapi?"

"Moja."

Akanitazama, akashuka hadi mia saba bila hata kuapa. Nilidhani nimemuumiza. Kwa kuwa sinunui kitu bila kukijaribu, nikazibonyeza zote pale mezani, moja moja, pini ya katikati ikizama na kulia tak. Mara kumi na nane.

"Zote nzima," nikamwambia.

"Nzima kabisa," akasema, akanifungia kwenye gazeti. Neno jingine hakuongeza, na sijamsamehe.

Nyumbani haikuingia hata moja. Klipu ile ina mwili wenye miguu, na ina pini. Unapitisha mwili tunduni pini ikiwa imeinuka, ndipo unaibonyeza. Ikizama, miguu inatanuka na klipu haitoki tena. Zangu zilikwishatanuka zote huko Konde, mbele ya shahidi. Halafu nikaona jambo la pili: tundu la plastiki linakaa juu ya tundu la bodi, na klipu moja inapita yote mawili. Zilitakiwa tisa. Nikahesabu upya, maana siamini hesabu inayonidhalilisha. Tisa.

Nikachukua kisu, nikaanza kuzing'oa pini. Klipu saba zilivunjika miguu, na kisu kikavunjika ncha. Kumi na moja zikapona. Nikazipachika tisa, nikalitikisa plastiki kwa mikono miwili, likatulia kana kwamba limezaliwa na gari.

Alkhamisi asubuhi mwanyumba akaja na gari lake limeoshwa, eti kwa dharura.

"Hizi umezinunua?"

"Kwani zimeota?"

Akachuchumaa penye tairi, akaweka kidole gumba juu ya klipu yangu iliyokwishazama, akaibonyeza kama fundi. Hapo hapo mama mkwe akatoka mlangoni, na kina mama nyuma yake.

"Kumbe ni wewe uliyelitengeneza, mwanangu?"

Mwanyumba akanitazama. Muda wa kusema kweli alikuwa nao.

"Tumejitahidi, mama."

Tumejitahidi! Yeye na nani?

"Mwenyezi Mungu akulipe. Nitakuombea kwa jina lako na la babaako."

"Amin, mama. Amin."

Mie nimesimama na ufunguo mkono mmoja, begi mkono mwingine. Msafiri wa Umra humbishii mlangoni mwake, sembuse mkweo. Nikampeleka hadi Chake, na plastiki halikugusa tairi hata mara moja.

"Mwenzio ana mikono," alisema njia nzima.

"Naam, mama."

Sasa yuko Makka. Kila siku anamtumia mke wangu ujumbe wa sauti. Mwanyumba anaombewa kwa jina na ukoo. Mie naombewa nipate moyo wa kujituma kama mwenzangu.

Basi naomba shauri, hasa kwa wenye ilimu. Dua kama hii humfikia aliyetajwa, au aliyezifunga klipu? Na kama ni aliyetajwa, nimwambieje mama mkwe nisionekane nadai thawabu? Nijibuni upesi. Amebakiwa na siku nne.