Uji Umetosha, Niulizeni Mimi

Wasomaji wangu, moyo bado unanidunda! Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kupima watoto kliniki hapa Sumbawanga, mwanangu wa kwanza mgongoni. Tangu nijifungue silali hata yeye akilala, nalia ovyo, na naogopa kubaki naye peke yangu. Kijijini kwetu, kijiji cha ujamaa, majirani wakiniona nalia huniletea uji wa ulezi, wakidhani maziwa yamepungua.

Kwenye foleni machozi yakanitoka tena. Mama mmoja Mfipa akanisogezea kibuyu chake cha uji.

“Kunywa, mwenzangu, maziwa yaje.”

Ikanitoka tu: “Maziwa ninayo, dada! Nina hofu! Namwogopa mwanangu mwenyewe!”

Bibi mmoja nyuma akanong’ona, “Karogwa huyo.”

Yule mama akageuka, mkono kiunoni. “Basi bibi, na mimi nilirogwa, nilipomzaa huyu!”

Mke wa karani wa kijiji chetu, mgeni kutoka Mbeya, akanyoosha kidole kama yuko darasani: “Na mimi!”

Muuguzi akaiacha mizani ikining’inia tupu, akaja kuketi kwenye benchi letu. “Ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, na unatibika. Nani mwingine?”

Wakajitokeza wengine, jamani! Kumbe maziwa yetu huuliziwa na kijiji kizima, lakini sisi wenyewe hatuulizwi.

Jana uji uliletwa tena. Ila jirani aliyeuleta aliniuliza, “Umelala?” Akambeba mtoto mgongoni kwake, nami nikalala mpaka uji ukaganda.