Siku Jua Lilipofunikwa Juu ya Meru

Mwezi jana nilipanda hadi kwetu, miteremkoni mwa Meru, nikakuta migomba ya bibi imeng'olewa yote. Nilisimama palipokuwa jiko letu, rafiki yangu, na harufu ya kahawa iliyotoka kukobolewa ikanijia kama zamani.

Enzi za Mwingereza, nikiwa darasa la pili, mwalimu alitutangazia kwamba mwezi utalifunika jua mchana kweupe. Alituonyesha kwa chungwa na mshumaa. Kisha akapaka vipande vya kioo masizi ya koroboi, akatugawia. "Asiye na kioo asitazame juu," alisema. "Ataunguza macho."

Bibi alisikiliza habari hiyo huku akipeta maharage. "Mwalimu anaijua njia ya mwezi," alisema. "Lakini Mungu akiuficha uso wake, sisi tunainamisha nyuso zetu."

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na kuta za jiko alizijaza michoro ya mkaa na udongo mwekundu: ng'ombe, mbega, mlima wenyewe.

Siku yenyewe tulikuwa tukichuma kahawa. Chini ya mibuni, vidoa vya mwanga viligeuka miezi michanga, mamia kwa mamia, vikitambaa mikononi mwetu. Baridi ikashuka kutoka mlimani. Kuku wakaingia bandani. Msituni, mbega wakanyamaza wote kwa pamoja. Bibi akapiga magoti, paji la uso ardhini.

Nilipogeuka, dada alikuwa ameangusha kioo chake.

"Dada, mwalimu amekataza."

"Kioo kinaficha rangi," alijibu polepole. "Nataka kuiona."

Nilimvuta kanga. Kisha nikauona uso wake, anatabasamu huku machozi yanamtiririka, nikaogopa, nikamwachia. Mwanga uliporudi alikuwa bado anatazama.

Jioni alisema kuna doa jeusi katikati ya kila kitu. Halikuondoka tena. Mwalimu alikuja, akakaa kwenye kigoda akirudia, "Niliwapa vioo, mama. Niliwapa." Bibi alimshika mkono, hakumlaumu. Mkaa dada hakuugusa tena.

Bibi alikufa, mwalimu akahamishwa, mvua za masika zikazibomoa kuta zile. Mpaka tulipozeeka nilikuwa nikimwuliza dada rangi ile ilikuwaje. Kila mara alifungua mdomo, akatafuta neno, akaufunga. Tumeshamzika sasa.