Nilipolilia Kaburi la Katoto

Enzi za Zaire nilikuwa mwalimu wa historia hapa Kamina. Likizo moja nilimpakia mke wangu mpya, Numbi, kwenye baiskeli, tukateremka siku kadhaa hadi bondeni Katoto, nimwonyeshe makaburi ya kale. Numbi amezaliwa kule, lakini mtaalamu nilikuwa mimi.

Nilipoona tuta kubwa la udongo, nilivua kofia nikapiga magoti. Udongo ulikuwa wa moto.

“Wahenga wanatusikia,” nikanong’ona, machozi yakinilenga. Numbi akainamisha kichwa, akanishika mkono.

Mama mmoja akaja na jembe. “Sitwayeni,” akaniita, kama wananchi tulivyoitana enzi zile, “unalilia nini? Mule nachoma makaa yangu!” Akamtazama mke wangu. “Numbi, mutoto ya dada yangu! Haukumuambia?”

Numbi hakuniachia mkono. “Mama, alikuwa anasema muzuri sana.”