Mwanafunzi wa Walimu Wawili

Nilikuwa shambani nikichuma ndengu aliponipigia simu mwalimu mwenzetu wa zamani. Hakunisalimia. "Ametuacha asubuhi hii," alisema. "Ni ule moyo." Sikuhitaji kuuliza ni nani, kwa sababu sote tulijua amelazwa Mutomo na kwamba madaktari walikuwa wameacha kututia matumaini. Nilikaa juu ya gunia hadi mke wangu akaja kunitafuta. Tulimzika Jumamosi kwao, kwenye miteremko ya juu ya Tawa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kumwandika bila kuwalilia wasomaji wangu. Yeye mwenyewe hakupenda vilio. Isitoshe, maisha yake nikiyatazama yote kwa pamoja naona ni ya mtu aliyeshinda, na mtu aliyeshinda anastahili kusimuliwa kwa sauti ya juu.

Mimi na marehemu tulikutana nikifundisha shule moja ya msingi pale Tawa, naye akaletwa akiwa mwalimu mpya, binti mwembamba, mwenye sauti ya kwaya. Kabla muhula haujaisha nilijua kwamba jioni baada ya vipindi alikuwa akienda kufanya karate katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Mimi pia nilijiunga, ila sababu yangu haikuwa ya kishujaa: daktari alikuwa amelitazama tumbo langu akatikisa kichwa. Mwalimu wetu wa karate alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Mchezo huo alijifunza Mombasa, enzi alipokuwa kijana akifanya kazi bandarini, akarudi nao nyumbani kama mwingine anavyorudi na redio. Watoto wa Tawa aliwafundisha miaka mingi bila kuuliza mzazi ana uwezo gani. Mzee mmoja wa kanisa alipolalamika kwamba tunainamia miungu ya kigeni ndani ya nyumba ya Bwana, mwalimu alimjibu, "Mzee wangu, mimi na wewe tukikutana njiani si nainamisha kichwa nikikuamkua? Hapa pia ni salamu tu." Mzee akaenda zake, na ukumbi tukabaki nao.

Huyu marehemu wetu alikuwa ameanza kwa mwalimu huyo akiwa msichana wa shule. Mwalimu ndiye aliyemfunga mkanda wa kwanza, naye binti alipokwenda chuo cha ualimu kila likizo alirudi ukumbini. Nilipomkuta alikuwa amefika mkanda wa kahawia, na kila mtu alijua kwamba mwalimu, ambaye watoto wake wa kuzaa walikuwa hawautaki mchezo, alimtayarisha kuushika ukumbi atakapochoka yeye. Alimwita "mwana wakwa", yaani mtoto wangu, na hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Lakini alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila mgeni alipoingia: mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja. Anayetaka kwenda kujifunza kwingine aende, ila mkanda auache.

Kisha serikali ikamhamisha rafiki yangu kikazi hadi Tulia, ng'ambo ya Kitui. Ni huko jambo lililobadilisha maisha yake lilipotokea. Mzazi mmoja, amelewa, aliingia darasani kudai kwamba mtoto wake ameadhibiwa bure. Hakukuwa na adhabu yoyote. Akamkamata rafiki yangu begani, akaikunja blauzi yake ndani ya ngumi, akaanza kumtikisa mbele ya watoto. Walimu wawili walikuja wakamtoa. Alinisimulia kisa hiki aliporudi Tawa kumtazama mama yake, tukiwa tumekaa na sahani za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, kwenye hoteli ya karibu na stendi.

"Miaka yote hii ya mazoezi," aliniambia, "nilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya. Nimvunje meno baba wa mwanafunzi wangu, au nisimame kama mlingoti. Nikasimama kama mlingoti."

"Ulifanya vizuri," nikasema.

"Sikufanya kitu. Ndiyo shida. Sisi tunajua kupiga. Ukishikwa je?"

Ndipo aliponiambia kwamba pale Tulia kulikuwa na watu waliofanya judo katika ghala la nafaka lililoachwa, juu ya magunia ya vumbi la mbao yaliyofunikwa turubai. Aliyewafundisha alikuwa mama mmoja, polisi mstaafu, mnene, mcheshi. Jioni kadhaa alikuwa amekwenda akasimama mlangoni akitazama watu wakishikana, wakiangushana, wakiinuka wakicheka. Kisha akarudi nyumbani bila kuvua viatu. "Nikitazama naona kile nilichokosa siku ile," alisema. "Halafu namwona mwalimu wangu. Nahisi kama mke wa mtu aliyesimama mlango wa mwanamume mwingine." Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasukuma sahani na chakula kikiwa bado kimejaa.

Mwishowe alimfuata yule mama na kumwomba amwandikishe, akiwa na nia ya kufanya mambo yake kimya kimya, maana Tawa ni mbali na nani angejua? Mama alimwambia aonyeshe anavyosimama. Alipomwona akashangaa. "Wewe umefundishwa, tena umefundishwa vizuri," alimwambia. "Mwalimu wako anajua uko hapa?" Rafiki yangu akakiri kwamba hajui. "Basi nenda kwanza umwambie. Mimi sichukui mtoto wa mtu kupitia dirishani."

Nadhani hakuna aliyewahi kumpa adhabu ngumu kuliko hiyo. Wikendi mbili alifika Tawa, akapita mbele ya duka la mbegu, akanunua nyanya sokoni na kurudi. Alilala vibaya. Aliniuliza kama ni utovu wa shukrani mtu kutaka kujua zaidi ya alichopewa. Alimpenda yule mzee wake wa karate. Baba yake mzazi alikufa yeye akiwa mdogo, na mtu wa kwanza kumwambia kwamba ana nguvu alikuwa muuza mbegu. Upande wa pili kulikuwa na lile bega lililoshikwa, na watoto wa darasa zima waliokuwa wakimtazama.

Jumamosi ya tatu alikuja ukumbini mazoezi yakiisha, mkanda wake kiunoni. Nilikuwepo, nikifunga viatu.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kitu mimi mwenyewe, usije ukakisikia sokoni. Nataka kujifunza judo kule Tulia."

Mzee aliendelea kukunja taulo lake. "Kwani hapa umekosa nini?"

"Hapa sikukosa. Hapa nilipewa. Lakini nilishikwa na mtu, Mwalimu, na sikujua la kufanya."

"Ungeningojea nikufundishe."

"Wewe unajua hilo?"

Lilikuwa swali la kweli, lililoulizwa kwa upole, na nadhani ndiyo maana lilimwingia sana. Mzee alitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huo mkanda uache hapo." Rafiki yangu aliufungua, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kiti, akainama kama alivyofundishwa, akatoka. Hakulia hadi alipofika barabarani. Nilimfuata nikamkuta ameushika ukuta wa duka la mtu. "Nimeenda kwa mlango," aliniambia huku akijifuta uso. "Angalau nimeenda kwa mlango."

Alianza upya Tulia, mtu mzima mwenye mkanda mweupe, akiangushwa na wanafunzi wa sekondari. Aliniambia kwamba wiki za kwanza aliumwa mahali ambapo hakujua pana mifupa. Wakati huo Tawa mzee wetu alikuwa mkali kupita kiasi, akitukimbiza ukumbini kama punda, na jina la rafiki yangu hakulitaja kamwe. Ila niliona kwamba kile kiti hakuruhusu mtu akikalie, wala ule mkanda hakuuondoa.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kisha siku moja mzee akaja kwangu, amevaa koti lake la ibada. "Wewe njia ya Tulia unaijua?" akaniuliza. Nikasema naijua. "Nimesikia kuna mashindano. Twende, nina mteja wa mbegu upande ule." Hakukuwa na mteja wa mbegu. Tulifika tukakuta uwanja wa shule umejaa watu na turubai limetandazwa katikati, na yeye akachagua kusimama nyuma kabisa, nyuma ya wamama waliokuwa wakiuza miwa.

Marehemu wetu alifika fainali. Mpinzani wake alikuwa dada kutoka Kitui mjini, mrefu, mzito, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, na watu wote walimshangilia kwa sababu tayari alikuwa amewaangusha wenzake kama magunia. Alimkamata rafiki yangu begani, mahali pale pale, akamsukuma. Nikamsikia mzee kando yangu akisema huku ameuma meno, "Simama vizuri, mwana wakwa. Simama." Naye akasimama vizuri. Miguu yake ilikuwa miguu ya Tawa. Yeyote aliyepita ukumbini kwetu angeitambua. Akangoja, akauacha uzito wa yule dada umjie, kisha akageuka mara moja na yule mkubwa akapaa, akatua chali katikati ya turubai, taratibu, kama mtu aliyelazwa kitandani. Uwanja ulilipuka. Rafiki yangu akamnyooshea mpinzani wake mkono na kumwinua, na wote wawili walikuwa wakicheka.

Mzee alipenya katikati ya watu. Alipomwona, rafiki yangu aliganda.

"Yule wa kijani alikuwa mzito kukushinda," mzee akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hukumuumiza."

"Hapana, Mwalimu."

Mzee akamgeukia yule mama polisi, aliyekuwa amesimama hapo na filimbi yake. Akainama kumsalimu, chini kuliko alivyowahi kumwinamia mtu. "Umemtunza," akamwambia. Mama akajibu, "Alikuja akiwa ametunzwa." Kisha mzee akamwambia mwanafunzi wake, "Jumamosi uje unionyeshe."

Nimeona mengi katika maisha yangu, lakini ile Jumamosi ndiyo ninayoipenda zaidi. Watoto wote wa ukumbi walikaa ukutani. Tulikuwa tumejaza magunia vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa jirani. Mzee, mwenye mvi, alisimama katikati akasema, "Nishike, unilaze." Rafiki yangu akakataa. "Mwalimu, siwezi." "Ulinionyesha heshima kwa kuniambia ukweli. Usinikosee leo." Basi akamshika, akamlaza polepole, akimshikilia mkono hadi mwisho. Mtoto mmoja akapiga yowe. Mzee alilala pale akitazama paa, tukadhani ameumia, kumbe anacheka. "Rudia," akasema. "Sikuona mguu." Akarudia, na akarudia tena, hadi vumbi la mbao likatoka kwenye magunia likawajaa kichwani. Walipomaliza mzee alikwenda kwenye kile kiti, akachukua ule mkanda wa kahawia, akamfunga kwa mikono yake. Ile sheria ya mwalimu mmoja hatukuisikia tena. Kila mwezi tangu hapo yule mama wa Tulia alialikwa Tawa, na mzee wa kanisa aliyetushtaki kwa kuinama alikuwa akija kutazama watu wakianguka, akicheka hadi anashika mbavu.

Baadaye rafiki yangu alihamia Mutomo, akafungua shule yake ya karate na judo ambapo wasichana wengi, mabinti wa wafugaji na wa wauza mboga, walifundishwa kupiga na kushikana. Miaka michache iliyopita msichana aliyekuwa hodari kuliko wote, ambaye kila mtu alidhani atairithi shule, alimjia akitetemeka akasema anataka kwenda Nairobi kujifunza ndondi. Nilikuwa nimemtembelea siku hiyo. Rafiki yangu alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza kama mama yake anajua, kisha akaingia ndani akamtolea trakisuti yake mwenyewe, mpya, ambayo hakuwa ameivaa. Msichana alipoondoka nilimwuliza kama haikumuuma. "Imeniuma sana," akasema. "Lakini sikumfundisha ili nimfunge."

Ninaandika haya kwa sababu naona mahali pengi ambapo mambo ni tofauti. Katika gereji zetu, fundi anamfukuza mwanagenzi aliyeonekana akiuliza swali kwenye gereji ya jirani. Muumini akienda kusikiliza mahubiri kanisa lingine anaombewa kama mgonjwa. Hata sisi walimu wa shule huna habari jinsi tunavyonuna mwanafunzi akimsifu mwalimu mwingine. Matokeo yake vijana wetu wanajifunza kwa kujificha, kama watu wanaoiba, na wanaporudi na kitu kizuri wanaogopa kutuonyesha. Tunawakosa wao, na tunakikosa hicho kitu.

Jumamosi ya mazishi, udongo ulipokuwa ukishuka, yule mzee wetu wa karate alishikiliwa na wajukuu wake hadi karibu na kaburi. Ameishiwa na nguvu na hasikii vizuri. Walimpa kipaza sauti akasema maneno machache tu: "Nilimfundisha. Akanifundisha. Nendeni mkafanye hivyo." Wasichana wa Mutomo waliinama wote pamoja, nasi wengine, wa kanisa na wasio wa kanisa, tukainama nao. Kama wewe ni mwanafunzi na moyo wako unakuvuta kwingine, usitoroke; mwendee aliyekulea na umwambie kwa mdomo wako. Na kama wewe ndiye mwalimu, siku atakapokuja, mwache aende, kisha umfuate ukatazame alichokipata.